Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Ibn Battuta hakuishia Kilwa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya kata, na ninakuandikia kwa heshima kuhusu aya moja tu. Katika kitabu tunachokitumia, tauni ya karne ya 14 imepewa mistari minne: ilizuka Ulaya, ikaua watu wengi, vibarua wakapungua, ukabaila ukadhoofika. Wanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani wakiamini kuwa ni habari ya Wazungu peke yao.

Kurasa chache nyuma wamemsoma Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule, na kitabu kinamwacha hapohapo kana kwamba alizama baharini. Mwaka 1348 msafiri huyo alikuwa Sham, yaani nchi ya Syria na jirani zake, tauni ilipoingia. Anasimulia jinsi watu wa Damascus walivyofunga siku tatu, wakakesha msikitini, kisha wakatoka miguu mitupu huku wakilia, Waislamu na misahafu yao, Wayahudi na Taurati, Wakristo na Injili, pamoja na wanawake na watoto. Alipokuwa akirejea kwao Maghribi mwaka uliofuata, alipokea habari kwamba mama yake amekufa kwa tauni hiyohiyo.

Februari 1349, mjini Strasbourg, ambao leo uko Ufaransa, mamia ya Wayahudi walichomwa moto kwa kusingiziwa kuwa wametia sumu visimani, ilhali ugonjwa wenyewe ulikuwa bado haujafika mjini humo. Ningependa wanafunzi wangu wayasome matukio haya mawili siku moja, tubishane.

Njia ya ugonjwa ilikuwa ya kibiashara, jambo ambalo mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili. Meli za Genoa, mji wa Italia, kutoka Bahari Nyeusi zilitia nanga Messina, kisiwani Sicily, Oktoba 1347, na Alexandria ya Misri nayo ikapatwa mwaka huohuo. Panya waliingia melini na shehena, na viroboto wao ndio waliobeba vimelea. Mgonjwa alishikwa na homa, akatokwa na mitoki, yaani uvimbe wa tezi, kinenani au kwapani, na wengi hawakumaliza wiki. Mwaka 1377 Ragusa, ambayo leo ni Dubrovnik, iliwaamuru waliotoka penye ugonjwa wakae kando siku 30. Kwingine zikawa 40, na neno la Kiitaliano la hesabu hiyo ndilo lililotupa karantini.

Hata ile hoja ya vibarua ni nusu ya habari. Uingereza ujira ulipanda licha ya sheria ya 1351 iliyotungwa kuuzuia, lakini Misri mifereji ya Nile ilikosa watu wa kuizibua na mashamba yakaharibika.

Ombi langu ni kwamba aya hiyo iandikwe upya, ianzie Kilwa na mgeni wake, na isiishie Ulaya. Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara, wapo wazee wanaoweza kumweleza mwanafunzi mtoki ulivyo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa historia