Mwanangu, nunua kwa mzani

Mwanangu Salma,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Umechoka kuazima kidani cha shangazi yako kila harusi, na sasa mshahara umeanza kuingia unataka vito vyako mwenyewe, hata kama ni kidogo kidogo. Nimefurahi sana.

Unavikumbuka vile vikuku vizito vya marehemu bibi yako? Vilifuliwa kwa reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria zilizozagaa pwani hii na Omani. Karibu zote zina mwaka 1780, hata zilizopigwa baadaye sana. Moja ina uzito wa gramu 28 hivi, na katika sehemu 1,000 fedha halisi ni 833. Bibi zetu hawakuwa na benki. Akiba yao ilikaa mkononi, na kila mmoja alijua uzito wa alichovaa. Nawe nataka uujue wako.

Ukiingia dukani, kabla hujauliza bei omba kitu kiwekwe kwenye mzani. Kisha tafuta chapa, aghalabu ipo karibu na kifungio au upande wa ndani. Karati 18 hupigwa 750, yaani dhahabu sehemu 750 katika 1,000, karati 21 hupigwa 875, karati 22 hupigwa 916. Dhahabu tupu ni karati 24, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: bangili ya gramu 8 ya karati 21 ina gramu 7 za dhahabu, ya karati 18 ina 6, ya karati 9 ina 3 tu. Bei ya gramu ya siku hiyo utaiona kwenye simu. Kinachozidi hapo ni ujira wa sonara na faida ya duka, na hapo ndipo pa kupatana. Usione haya kupatana, mwanangu. Siku ukibanwa ukataka kuuza, utalipwa dhahabu. Nakshi hakuna anayekulipa. Na kitu chenye mawe ya kioo uliza kama uzito umehesabiwa pamoja na mawe, usije ukanunua kioo kwa bei ya dhahabu.

Mimi ningeanza na hereni ndogo za dhahabu, za kuvaa kazini kila siku. Masikio yako tangu utotoni hayapatani na hereni za bei rahisi, yanawasha na kutoa maji, na mara nyingi sababu ni nikeli. Baada ya hapo, mkufu mwembamba wa fedha ya 925 na pete moja. Fedha huingia weusi, usishtuke. Ifute kwa kitambaa laini, uihifadhi kwenye kimfuko kilichofungwa vizuri. Manukato na mafuta yapake kwanza, vito vaa mwisho.

Vya kuchovya, vyenye utando tu wa dhahabu juu, sivikatazi. Kwa sherehe moja na nguo ya rangi fulani vinatosha kabisa, ila ulipe bei ya kuchovya. Muuzaji akikuonyesha kwamba sumaku haikivuti kitu chake, usiridhike: dhahabu haivutwi, lakini shaba nayo haivutwi. Mpelekee sonara akisugue kwenye jiwe lake jeusi, kisha atie tindikali kwenye alama iliyobaki juu ya jiwe.

Pete ya tanzanaiti uliyoitaja naomba uiache kwanza. Jiwe lenyewe nalipenda mno, na linachimbwa Mererani kwetu, hakuna pengine duniani. Lakini ugumu wake ni 6 hadi 7 kwenye kipimo ambacho almasi ni 10, na wewe mikono yako haitulii: kufua, kuosha vyombo, kushika nondo za daladala. Kidoleni litakwaruzika, na likigongwa vibaya litapasuka. Siku ukijaliwa, litie kwenye hereni au kidani.

Pesa za kununulia zitoke kwenye upatu wenu wa ofisini. Zamu yako ikifika, kodi ya nyumba kwanza, kisha tenga fungu la vito. Mkopo wa simu kwa ajili ya bangili sitaki kuusikia.

Na hiyo bangili uliyonitumia picha, mwambie muuzaji akuandikie risiti yenye uzito na karati. Akikataa kuandika, ondoka. Akikubali, nipigie kabla hujalipa tupige hesabu pamoja.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako