Malalamiko kuhusu taa za miche, na niliyotendewa dukani kwenu

Mkomani, Lamu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

YAH: TAA MBILI ZA KUKUZIA MICHE NILIZOUZIWA BILA MAELEZO, NA KUDHALILISHWA KATIKA DUKA LENU LA MALINDI

Bwana Meneja,

Salaam. Nakala ya risiti nimeiambatisha, na masharti yenu ya kurudisha bidhaa unayajua kuliko mimi, sitayarudia. Naandika kwa adabu niliyolelewa nayo, lakini sikufichi: huu ni mwezi wa pili na moyo wangu bado haujapoa.

Mhudumu wenu aling'oa mche wangu wa nyanya kwenye trei, akaushika kwa ncha za majani, akauinua juu mbele ya wateja, akasema: "Mama, hii ni miche au ni nyuzi za kushonea kofia?" Watu wakacheka. Kisha akasema taa haina kosa, kosa ni la mikono yangu.

Sikuja kugombana, Bwana Meneja. Nilikuja kuuliza. Niliamka kabla ya alfajiri, nikavuka kwa boti hadi Mokowe, nikapanda basi, trei ya miche 40 ikiwa mapajani, nimeifunika kwa kanga ili upepo wa dirishani usiivunje. Witu hadi Garsen, Garsen hadi Malindi, nimeishika kama mtoto anayepelekwa zahanati. Nilitaka mtu wenu anayejua kazi aione kwa macho, kwa sababu kwenye simu nilikuwa nimechoka.

Hilo la simu lilitangulia, nimeliruka. Na kabla ya simu kuna siku ya kununua.

Siku hiyo nilieleza kila kitu. Nilisema nasia mbegu ndani ya nyumba kwa sababu vichochoroni mwetu mna punda na mbuzi, na juu darini, nje kwenye paa, kunguru hawaachi kilichochipuka. Nilisema nyumba yetu ni ya mawe, kuta nene, madirisha machache, mwanga unaingia kwa upande wa kiwanda tu, yaani ua wa ndani. Nilisema nina oda ya miche 200 ya akina mama wenye mashamba kule Hindi, upande wa bara, na lazima iwe tayari masika yakianza. Huyo huyo mhudumu akaniambia: "Ining'inize darini, uwashe saa sita kwa siku, basi." Karatasi ya maelezo kwenye boksi ilikuwa ya Kichina, yote. Dari yetu ni ya boriti. Kutoka boriti hadi mezani penye trei ni zaidi ya mita moja na nusu. Nikaining'iniza kama nilivyoambiwa.

Sasa najua, na nyinyi mnaouza taa mlipaswa kujua kabla yangu. Taa ndogo kama zile mwanga wake hupungua upesi mno: umbali ukiongezeka mara mbili, kinachofika kwenye jani ni kama robo tu ya kile cha mwanzo. Ilipaswa kuwa shubiri moja hivi juu ya vichwa vya miche, iinuliwe kadiri miche inavyopanda, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha izimwe usiku ili mimea ipate giza lake. Mimi niliiwasha saa sita, kutoka kwenye boriti. Siku ya nane tangu kuota, mashina yalikuwa yamerefuka kama njiti za kiberiti mbili zilizounganishwa, chini meupe, majani ya mbegu, yale mawili ya kwanza, yamepauka, na miche yote imelalia upande wa mlango wa kiwanda. Mmea ukikosa mwanga hujirefusha kuutafuta, na chumba kikiwa na joto kama vyumba vyetu vya mwezi wa tatu, hujirefusha mbio zaidi. Shina linabaki jembamba, haliwezi kujibeba.

Ndipo nikapiga simu kwenu. Mara tatu. Mara ya kwanza nikaambiwa nizidishe maji. Mara ya pili nikaambiwa nitie mbolea ya yurea, na kwamba mnayo dukani. Nikatia ya hapa Lamu, kijiko kwa trei kama alivyosema msichana wa simu. Trei mbili zikaungua ndani ya siku tatu. Miche 80, Bwana Meneja. Iliyosalia ikazidi kurefuka, kwa sababu naitrojeni iliyomo kwenye yurea huusukuma mmea ukue, na mmea usio na mwanga hauna pa kukulia ila juu. Mara ya tatu simu haikupokewa. Wiki hiyo hiyo taa ya pili ikazimika, haikuwaka tena.

Basi nikaja Malindi.

Naomba nilieleze tena lile tukio, kwa sababu ukiitisha maelezo upande wenu najua utaambiwa "mteja alipaza sauti". Sikupaza sauti. Nilisimama kwenye foleni na trei yangu na taa iliyokufa ndani ya mfuko. Ilipofika zamu yangu nikatoa salamu, nikafunua kanga. Hakuitikia salamu. Aliitazama trei, akaangalia wenzake, akatia vidole viwili akaung'oa mche ule uliokuwa na nguvu kuliko wote, wa tatu kutoka pembeni, mizizi ikakatika, udongo ukamwagika kwenye kaunta. Akauinua juu. "Mama, hii ni miche au ni nyuzi za kushonea kofia?" Mimi ni mtu wa makamo, nina wajukuu. Kijana wa rika la mwanangu wa mwisho, mbele ya watu nisiowajua, anainua kazi yangu ya wiki nne kama uchafu aliouokota. Akautupa sakafuni. Akasema, "Taa haina kosa, kosa ni mikono yako." Alipokuwa anairudisha trei kwangu akaisukuma kwa kiwiko, ikaanguka ubavu, nusu ya miche ikavunjika shingo. Hakusema pole. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto ndiye aliyeinama pamoja nami kuokota. Taa iliyokufa aliikataa, akasema siku 14 za kurudisha bidhaa zimepita. Zimepita kwa sababu wiki mbili nzima nilikuwa nafuata ushauri wenu wa simu!

Nilirudi Lamu usiku. Sikula.

Kesho yake nilimwendea bwana shamba, na kwa dakika kumi, bila malipo, akaniambia yale ambayo kampuni yenu ilishindwa kuniambia kwa shilingi 9,600. Alisema miche haijafa. Alisema taa iliyobaki niishushe kwa kamba hadi shubiri moja, niache yurea, nimwagilie tu juu ya udongo ukikauka, na kila asubuhi nipitishe kiganja taratibu juu ya vichwa, kwa sababu mmea unaotikiswa kidogo kidogo hunenepesha shina. Kisha niatike upya, kila mche kwenye kikopo chake, kwenye udongo uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi, na nyanya nizizamishe hadi karibu na majani ya mbegu. Nyanya huota mizizi kwenye shina lote linalozikwa. Ule urefu ulionifanya nichekwe ndio uliogeuka mizizi. Pilipili na mabilingani sikuyazamisha hivyo, niliyaegemeza vijiti tu. Mipapai mitatu nilikuwa nimeizika shingo kabla ya kuuliza, ikaoza yote. Hiyo siwadai, kosa ni langu.

Baada ya siku kumi nikaanza kuitoa kiwandani, saa moja la jua la asubuhi, siku inayofuata mawili, ikarudi ndani kabla ya adhuhuri. Wiki nzima hivyo, nikizidisha. Kisha darini chini ya chandarua cha kuzuia kunguru, nyuma ya ukuta wa upande wa kusi, ili upepo usivunje mashina. Imesimama. Mashina yamekuwa ya kijani, manene kama kalamu.

Katika miche 240 nimeokoa 71. Akina mama wa Hindi walikuwa wameshanunua kwingine, mvua haikuwangoja. Na mche ule alioutupa sakafuni niliuokota, nikaufunga kwenye pindo la kanga lililoloweshwa, nikauzika hadi shingo nilipofika nyumbani. Uko darini. Juzi umetoa maua.

Nilipokaa kuandika nilikusudia kudai bei ya taa moja iliyokufa, shilingi 4,800, na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili. Lakini nikiyapitia haya naona haitoshi, na haitakuwa haki kwa mwingine atakayefuata. Nadai bei ya taa zote mbili. Nadai gharama ya mbegu na yurea, na nauli yangu ya boti na basi, kwenda na kurudi. Nadai kila boksi la taa hizi liwekwe maelezo ya Kiswahili ya umbali na saa za kuwasha, na watu wa simu wafundishwe, wasitaje yurea kwa mtu ambaye miche yake inalilia mwanga. Na nadai barua ya kuniomba radhi, yenye sahihi ya mhudumu yule na sahihi yako pia, maana ulikuwa ofisini, mlango uko wazi, umesikia kicheko na hukutoka.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinanipa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa ninazohitaji ili nifaidike nazo, na haki ya kufidiwa. Kuna pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Nilikuwa nimeandika siku 14 za kunijibu. Nimezifuta. Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Zikipita, nakala itakwenda kwa Mamlaka ya Ushindani, inayopokea pia malalamiko ya wateja, na mimi nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu huruhusiwa kujisimamia mwenyewe, na hapo nitadai pia bei ya miche 200 ya oda niliyoipoteza. Picha za trei ninazo, tangu siku ya nane. Taa iliyokufa ninayo. Yule mama mwenye mtoto alinipa namba yake na amekubali kusema alichokiona.

Jibu lije kwa maandishi. Simu zenu sitazipokea.

Wako,
Mteja wenu, Mkomani, Lamu