Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Mtambo wa kilomita 91 na watoto wa Dodoma

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba.

Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Dodoma. Nakuomba ufadhili wa shahada ya uzamivu katika fizikia ya chembe, yaani elimu ya vitu vidogo kabisa vinavyounda maada, hata kwa vijana wachache tu, kupitia Chuo Kikuu cha Dodoma.

CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wanapendekeza kujenga mtambo mpya wa kugonganisha chembe, mduara wa kilomita 91 chini ya ardhi. Uliopo una kilomita 27, na ndio uliotupatia bosoni ya Higgs, chembe inayothibitisha kuwepo kwa uga wa Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012. Bungeni watauliza: kama imepatikana, mwingine wa nini?

Imepatikana, Mheshimiwa, ila hatujaielewa. Uga wa Higgs, uliojaa kila mahali, ndio unaoipa elektroni tungamo lake. Bila tungamo hilo pasingekuwa na atomu, wala sisi. Kwa nini elektroni ikawa nyepesi hivyo, na chembe nyingine nzito mno? Hatujui. Wala hatujapima vya kutosha jinsi Higgs inavyojiathiri yenyewe. Mtambo wa sasa hugonganisha protoni, na protoni ina chembe nyingi ndani yake, hivyo kila mgongano huacha vurugu kubwa ya kuchambua. Mpya ungeanza na elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), ambazo kwa tunavyojua hazina kitu ndani. Migongano yake ni safi, na baadhi ya sifa za Higgs zingepimwa kwa kosa lisilofika asilimia 1. Kipimo kikipishana na nadharia hata kidogo, tutakuwa tumegusa sheria ya asili tusiyoijua. Huenda hapo tukapata fununu ya maada giza, ile isiyoonekana ila kwa mvutano wake, inayoizidi maada ya kawaida kama mara tano.

Hakuna anayeweza kuahidi chembe mpya, nami siahidi. Kutojua huko ndiko kunakodai kipimo.

Ni kweli shule zetu zina uhaba wa maabara; nauona kila wiki. Lakini sikuombi tuchangie ujenzi. Uamuzi unatarajiwa karibu na mwaka 2028, na mtambo kuanza kufanya kazi katikati ya miaka ya 2040. Mwanafunzi wa kidato cha pili leo atakuwa na miaka thelathini na kitu, umri wenyewe wa mtafiti. CERN hupokea wanafunzi wa mafunzo ya kiangazi hata kutoka nchi zisizo wanachama, ila mtu hawezi kuomba nafasi ya somo ambalo hajafundishwa.

Nipo tayari kufika Mtumba kulieleza hili siku yoyote utakayopanga.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa fizikia, Dodoma