Enzi ya pwani ilipulizwa

Mhariri,

Mjukuu wangu wa darasa la sita alirudi kutoka shule na daftari lenye picha ya mfalme wa Ulaya, taji kichwani. Nikamuuliza, "Na wa pwani?" Akasema, "Babu, wao hawakuwa na kitu." Niliumia.

Kwetu alama ya enzi ya mtawala ilipulizwa. Siwa, yaani baragumu kubwa la watawala, ya kisiwa cha Pate, ya pembe ya ndovu, yenye urefu wa zaidi ya mita 2, ingalipo makumbusho ya Lamu. Tundu lake la kupulizia liko ubavuni. Mwinyi Mkuu, mtawala wa Unguja, naye alikuwa na siwa na ngoma zake huko Dunga. Na msafiri Ibn Battuta, mwaka 1331, alimwona sultani wa Mogadishu akitembea chini ya miavuli ya hariri, kila mmoja na ndege wa dhahabu juu, ngoma na baragumu zikitangulia.

Jumamosi nilimpeleka mjukuu wangu kwenye magofu ya Tongoni, karibu na Tanga. Akatia kidole kwenye kishimo cha nguzo ya kaburi, palipokaa bakuli la kauri. Alinyamaza kwa muda mrefu.

Walimu wa Tanga, tafadhali wapelekeni watoto. Ni safari ya daladala tu.

Babu wa Chumbageni,
Tanga