Taarifa ya mwenyekiti: mwezi ambao hatukupiga risasi hata moja

Wanachama wenzangu wa klabu yetu ya kulenga shabaha kwa bastola, assalamu alaikum na hamjambo nyote, wa Malindi mjini, wa Watamu, na wale wawili watatu waliohamia Mombasa na bado wanalipa ada (ahsanteni sana, wengine igeni).

Nianze na la aibu tulimalize. Mashindano ya huko bara tulienda na tukarudi mikono mitupu, na njia nzima kila mtu ana sababu yake, mara bastola, mara jua lilikuwa usoni, mara risasi si zile tulizozoea. Mimi nilinyamaza tu manake nilikuwa wa pili kutoka mkiani. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunakuja renji (uwanja wetu wa shabaha) Jumamosi, tunamaliza boksi la risasi 50 kama watu wanaokimbizwa, picha mbili tatu, halafu madafu, basi tushafanya mazoezi. Hiyo ilikuwa kelele ya bei ghali.

Mambo yaligeuka bila hata kupanga. Ramadhani iliingia na joto la kaskazi, tukafunga renji mwezi mzima kwa sababu mtu mwenye kiu hashiki bastola sawasawa, na dada yetu mmoja, mwalimu, akasema basi kila mtu afanye kavukavu nyumbani, dakika kumi tu baada ya tarawehe, na wasiofunga wachague saa yao. Yaani unafyatua bastola tupu. Wengine walicheka. Unaweka sarafu ya shilingi moja juu ya slaidi (kile chuma cha juu cha bastola) karibu na saiti ya mbele, yaani kile cha kulengea, macho yako kwenye saiti, unabana triga taratibu mpaka ilie "tk", na sarafu isianguke. Usiku wa kwanza yangu ilianguka mara tisa kati ya kumi, mke wangu anaokota chini ya meza huku anauliza hii klabu ni ya nini hasa.

Jumamosi ya kwanza baada ya Idd, mashimo yaliyokuwa yametapakaa karatasi nzima yakawa wengi wetu tunayafunika kwa kiganja. Mwezi mzima hakuna aliyepiga risasi hata moja! Lakini ukifikiria si ajabu, risasi ikilia ule mshindo na lile teke, bastola inavyoruka nyuma, vinaficha kosa, bastola ikiwa tupu kosa unaliona waziwazi.

Na ukitaka kuaibika kabisa mwambie mwenzako akujazie magazini achanganye risasi za dami (bandia, zisizolia) humo bila wewe kujua ziko wapi. Mimi nilifanyiwa hivo. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia, ya tatu ilikuwa dami, bastola kimya lakini mtutu umeinama kama mbuzi aliyeona maji, watu wote wanaangalia. Kumbe miaka yote nalisubiri teke na kulisukuma kabla halijafika, ndo maana risasi zangu zilikuwa zinaangukia chini kushoto (natumia mkono wa kulia) na mimi nalaumu saiti. Nishachezea saiti hiyo mpaka skrubu imechoka.

Vijana wetu nao tangu Paris 2024 wanapiga mkono mfukoni kama yule Mturuki, Yusuf Dikeç, aliyechukua medali ya fedha ya bastola ya hewa mita 10 pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Sikatazi, mkono ule ukitulia na mwili unatulia. Lakini alikuwa na miaka 51 na hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tano, ya kwanza Beijing 2008. Mfuko mnao, hiyo miaka je?

Sasa hapa sitaki mzaha. Mwaka huu nilimkuta mwanachama anafanya kavukavu na boksi la risasi liko palepale mezani. Risasi zote zikae chumba kingine. Chemba, pale risasi inapokaa, iangalie kwa jicho, kisha ingiza kidole, kisha rudia tena. Elekeza kwenye ukuta wa mawe, makuti na bati havisimamishi kitu na huko nyuma kuna jirani amelala. Ukimaliza sema kwa sauti "nimemaliza" na uifungie kwenye sefu, ile "ngoja moja ya mwisho" baada ya kurudisha risasi ndiyo inayotoboa televisheni, au mtu. Na leseni ni ya jina lako, shemeji asiguse.

Hesabu mweka hazina atawasomea, kwa kifupi tuko sawa, risasi tumenunua chache kuliko mwaka jana na hilo kwangu ni habari njema.

Mwaka ujao kila mtu awe na daftari. Usiandike "leo nimepiga vizuri", hiyo haisaidii mtu, andika ulikuwa unarekebisha nini, risasi zilikwenda wapi, na upepo, manake kusi ikivuma pale kwetu mkono unayumba wenyewe. Jambo moja kwa siku moja, na ukichoka acha, risasi 30 za akili zinanitosha mimi.

Tunaanza Jumamosi saa moja asubuhi kabla jua halijakaza. Njooni na daftari na shilingi moja, na safari hii sikopeshi mtu, za mwaka huu hazijarudi.