Barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi: ripoti ya ndege iliyoanguka Kwale isomwe Kwale

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni dereva wa teksi hapa Ukunda. Wageni wanaoruka kwenda mbuga ya Maasai Mara tunawachukua hotelini alfajiri, na neno la kwanza kwao ni mzigo: begi laini, kilo 15, sanduku gumu libaki. Ndege ndogo haina mzaha na uzito. La pili hatuwaambii, tunalitazama tu kwa macho: leo Milima ya Shimba imejifunika wingu au iko wazi?

Jumanne ya tarehe 28 Oktoba 2025 ilikuwa mvua na ukungu. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliruka Diani kuelekea Kichwa Tembo, kule Mara, haikufika mbali. Ikaanguka Tsimba Golini, hapa Kwale. Wageni kumi, wanane wa Hungaria na wawili wa Ujerumani, pamoja na rubani wao Mkenya. Hakupona hata mmoja. Kwanza mamlaka ya usafiri wa anga ikatangaza kuwa ndani walikuwa watu 12, baadaye wakawa 11. Mheshimiwa, hata manamba wa matatu ya Likoni anajua amebeba wangapi.

Sisemi ukungu ndio ulioiangusha. Hiyo ni kazi ya wachunguzi, na kanuni za kimataifa zinawapa siku 30 kwa ripoti ya awali na miezi 12, ikiwezekana, kwa ile ya mwisho. Shida yangu ni pale ripoti inapoishia. Huandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi, ikawekwa kwenye tovuti, basi. Aliyesikia kishindo akiwa shambani kwake Golini ataisoma wapi?

Kwa hiyo ripoti ya mwisho ikiwa tayari, ilete. Iitishwe baraza, isomwe kwa Kiswahili, na wachunguzi wakae wajibu. Nani alitazama hali ya hewa asubuhi ile? Uamuzi wa kuruka ulikuwa wa rubani peke yake, au kuna aliyekuwa akimhimiza kwa sababu wageni wamelipa na kambi inawasubiri? Je, ndege ilikuwa na kifaa cha kumpigia rubani kelele kwamba mbele kuna kilima? Na rubani mmoja anatosha kweli, mawingu yakishuka?

Nauliza kwa sababu si mara ya kwanza. Tarehe 5 Juni 2018 Caravan nyingine, ikitoka Kitale kwenda Nairobi, iligonga milima ya Aberdare ikiwa na watu kumi ndani. Mabaki yalionekana siku mbili baadaye. Ile ilikuwa inakaribia safari kuisha, hii ndiyo kwanza inaanza. Lakini ndege ni aina ile ile, na mlima ni mlima.

Ukija, panda ndege ya asubuhi ushukie Ukunda. Nitakupokea mwenyewe, bila nauli. Njia ya Golini naijua; ikiwa imenyesha, kipande cha mwisho tutatembea.

Dereva wa teksi, Ukunda