Kelele Kwenye Injini ya Gari la Zamani: Tuambie Kwanza Inalia Lini

Kuanzia Juni mpaka Agosti, baridi ya Arusha ikishakaza, simu za asubuhi gerejini kwetu hufanana. "Fundi, gari yangu inalia." Inalia vipi? Mmoja atasema kwiii, mwingine tik-tik-tik, mwingine atagonga kidole kwenye simu yenyewe ili tusikie mdundo wake. Hao wote wanatusaidia. Anayetupa kazi ni yule anayefika na altaneta (kinachochaji betri) ya mtumba kwenye kiti cha nyuma kwa sababu jirani amemwambia "hiyo ni altaneta tu", na anachotaka ni ifungwe aondoke.

Magari mengi tunayopokea ni Toyota za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000: Carina, Corolla, Mark II, RAV4, Noah. Ni magari magumu, na hatuna sababu ya kumkatisha mtu tamaa na gari lake. Ila injini ya umri huo haiwi kimya. Nozeli zinatikatika, na hilo ni la kawaida tangu gari likiwa jipya. Bati la kukinga joto juu ya manifodi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi wa injini) limepoteza boliti moja. Maunti, raba zinazoishikilia injini, zimechoka. Kazi yetu ni kuitenga kelele mpya na hizo za uzee, na ugumu wake ni kwamba chuma kinasafirisha sauti. Beringi ikifa upande wa mikanda, utaapa kelele inatoka kwenye kava la valvu. Ndiyo maana utatuona tumeegesha bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini ukiwa sikioni, tunahama sehemu moja hadi nyingine. (Usijaribu ukiwa umevaa tai au mtandio. Feni ya rejeta inawaka yenyewe bila kukupigia hodi.)

Kabla ya bisibisi kuna maswali. Inalia gari likiwa la baridi tu, au hata likishapata moto? Inazidi ukipiga resi umesimama, au mpaka upande mlima? Inabadilika ukiwasha AC, ukikata usukani mpaka mwisho, ukiweka gia ya D huku umekanyaga breki? Wateja wanaotoka Moshi wana faida hapa. Kutoka uwanja wa ndege wa KIA mpaka Arusha mjini gari linapanda mita 500 hivi, taratibu, bila wewe kuona mlima wa maana. Mtu akituambia kelele ilianza Maji ya Chai na ilikoma kila alipoachia mafuta, tumeshajua kwamba inafuata mzigo, haifuati mwendo. Hapo nusu ya vitu vimeshatoka kwenye orodha.

Kwiii ya asubuhi mara nyingi ni mkanda. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), nyunyizia maji kidogo upande wa ndani wa mkanda. Kelele ikinyamaza kisha ikarudi, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Ikizidi, mkanda umelegea na unateleza. Kuhusu kupaka sabuni ya mche kwenye mkanda: tunawaomba, acheni. Utapata ukimya wa siku mbili, kisha mkanda unateleza kuliko mwanzo na puli zinabaki na utando ambao sisi ndio tunaoukwangua.

Maji yasipobadilisha kitu, tunatoa mkanda na kuwasha injini bila huo mkanda, kwa muda usiofika dakika moja. Kelele ikipotea, mhusika ni mmoja wa vinavyozungushwa na mkanda huo: altaneta, pampu ya stelingi, kompresa ya AC au puli ya kukazia. Kila puli tunaizungusha kwa mkono. Beringi nzima inapita laini. Iliyochoka inakwaruza, na vidole vinalijua hilo kabla ya sikio.

Hapa ndipo kuijua injini kunapookoa hela. Kwenye injini ya 5A ya Corolla na Carina, pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa nje, kwa hiyo ukiutoa mkanda, pampu nayo inanyamaza. Kwenye injini ya 3S ya Noah na RAV4, pampu hiyo inazungushwa na taimingi belti (mkanda wa ndani unaoendesha valvu), ndani ya kava. Unaweza kutoa mikanda yote ya nje na beringi ya pampu ikaendelea kulia. Mteja anaambiwa "basi ni injini yenyewe", kumbe ni pampu. Tunaangalia chini ya kava kama kuna michirizi ya kulanti iliyokauka, na tunasikiliza kwa bisibisi karibu na boliti za pampu. Tukiifungua, tunashauri taimingi belti na puli zake zibadilishwe papo hapo, maana ufundi wa kufika pale ni uleule.

Neno moja kwa wanaokaa Olasiti, Moshono na kwingine kwenye vumbi: tunaelewa kwa nini mnaosha injini, lakini maji ya presha yakielekezwa kwenye altaneta na puli yanaingia kwenye beringi na kuharibu grisi. Beringi nyingi tunazobadilisha zinaanza kulia wiki chache baada ya kuoshwa hivyo. Kitambaa na brashi vinatosha.

Tik-tik ndiyo inayowachanganya wengi. Noah moja ya 3S ilitufikia ikiwa imeshapimwa tapeti (vinavyosukuma valvu) na kuwekewa oili nzito, na mwenyewe ameambiwa aanze kutafuta injini ya mtumba. Ilikuwa inagonga kila asubuhi, na baada ya dakika kumi za safari, kimya. Kwa nini kila mtu alisikia tapeti? Kemshafti, inayofungua valvu, huzunguka nusu ya mizunguko ya kranki, shafti kuu ya injini. Injini ikiwa sailensa kwenye mizunguko 750 kwa dakika, valvu mbovu itagonga mara sita hivi kwa sekunde. Silinda moja nayo inatoa moshi mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo eksozi ikivuja pale inapoungana na injini, mdundo ni uleule. Sikio haliwezi kuzitofautisha kwa kasi pekee.

Tuliomba gari lilale kwetu. Asubuhi, kabla ya kuwasha, tulitoa bati la kukinga joto, na boliti zake zenye kutu zilitupotezea muda kuliko kazi yote iliyofuata. Tukawasha. Fundi mmoja akaziba mdomo wa eksozi nyuma kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache, na tik-tik ikageuka puf-puf. Mkono ukiwa karibu na manifodi bila kuigusa, pumzi ilikuwa inapiga kati ya bomba la pili na la tatu, na pale pale kulikuwa na mstari mweusi wa masizi. Manifodi imepasuka. Ikipata moto chuma kinatanuka, ufa unajifunga, kelele inaisha. Oili nzito isingelifanya lolote. Hatukuichomelea, maana chuma cha kusubu kikichomelewa hupasuka tena pembeni ya weldi. Tulifunga manifodi nyingine na gasketi mpya. Kelele ya namna hii usiizoee hata kama inaisha yenyewe, hasa ukianza kunusa moshi ndani ya gari, kwa sababu ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, na hiyo haina harufu.

Kuna kelele moja ambayo hatutaki uje ukiiendesha: mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, unaozidi ukipiga resi, na pengine taa ya oili inawaka. Paki pembeni, zima, pima oili, kisha tupigie tuje tukuvute. Hizo huenda ni beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki). Zikiwahiwa, mara nyingine zinabadilishwa na kranki inapona. Ukisema "nitajikongoja mpaka kwenu Sakina", utafika na injini iliyonoki.

Ukiwa na kelele isiyojulikana, lilete gari jioni na utuachie funguo, ili asubuhi tuliwashe likiwa la baridi. Usiioshe injini kabla. Kama kelele inakuja na kuondoka, irekodi kwa simu, mara moja ukiwa ndani na mara moja boneti ikiwa wazi, ukituambia AC ilikuwa imewashwa au la. Tunatoza kazi ya kutafuta, na bei yake tunakutajia kabla hatujafungua boneti. Ukitengenezea hapa, inakatwa kwenye bili. Tukikuta ni boliti tu ya bati imelegea, tunakaza, unalipa ya kutafuta na unaondoka.